Tabaga ukutani: uchambuzi wa kisa kimoja katika makumbusho ya kitongoji

Kisa hiki kinahusu kifuniko kimoja cha chakula kilichotundikwa ukutani, na wageni waliomwambia mwenyeji kwamba maelezo yaliyobandikwa chini yake si sahihi. Kilitokea katika makumbusho madogo ya familia nje kidogo ya Kampala, upande wa Wakiso, kwenye barabara iendayo Bombo. Mimi nilifuatana na wageni kama mkalimani wao. Majina ya watu na ya makumbusho nayaacha, kwa kuwa jambo lenyewe bado linashughulikiwa na wahusika wana haki ya kulimaliza kwa utulivu. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu makumbusho ya aina hii yamekuwa mengi Uganda, na wanaoyaendesha wengi wao wanatumia fedha zao wenyewe. Yaliyompata mwenyeji huyu yanaweza kumpata yeyote kati yao.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ya marehemu mzee wa familia, paa la mabati, vyumba vinne. Mzee alikuwa mtu wa kuokota na kutunza: mbao za omweso (mchezo wa bao wa Kiganda), ngoma, lubugo (kitambaa cha gome la mti) pamoja na nyundo za kupondea gome la mutuba, sarafu zenye tundu za enzi ya ukoloni, stakabadhi za kodi ya kichwa, pasi za makaa, medali za ndugu waliopelekwa Burma na jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles). Majirani walipoona anavyovithamini wakaanza kumletea vya kwao. Alipofariki, mwanawe mmoja akafungua milango kwa wanafunzi wa shule za karibu na kuanza kutoza kiingilio kidogo. Yeye ndiye mhifadhi, mwongoza wageni, mfagiaji na mlinzi wa usiku.

Ni vema kukumbuka tofauti iliyopo. Makumbusho ya Taifa, yaliyoanza 1908 pale Old Kampala kwenye ngome ya Lugard, ofisa wa kikoloni wa Kiingereza, na ambayo tangu 1954 yana jengo lake barabara ya Kira, yana wataalamu, ghala na madaftari ya miaka mingi. Nyumba hii ya Wakiso ina daftari moja la shule lenye jalada gumu, ambalo mzee aliandika kila alichopokea kwa mstari mmoja: kitu, aliyekileta, mwaka. Mstari huo mmoja ndio uliokiokoa kisa hiki, kama tutakavyoona.

Wageni siku ile walikuwa kikundi cha akina mama wa Kinubi wa Bombo wanaosuka, wakiwa na wajukuu wachache. Wenyewe kwa wenyewe wanazungumza Kinubi. Kwa watu wengine lugha yao ni Kiswahili, na Kiganda chao ni cha sokoni. Mwenyeji alijua Kiganda na Kiingereza, na vibandiko vyote vilikuwa kwa lugha hizo mbili. Ndiyo maana niliitwa. Vyumba viwili vya kwanza vilipita kwa haraka na heshima, bila maswali mengi. Chumba cha tatu ndicho kilichotusimamisha.

Ukutani, kati ya picha ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na saa iliyokufa, palikuwa na sahani pana ya kusukwa, zambarau, waridi na njano, rangi zikiwa zimefifia. Kibandiko kilisema kwamba ni kifuniko cha chakula cha Waarabu wa zamani za Kabaka Ssuuna wa Pili. Mkubwa wa kikundi, ambaye wote wanamwita Haboba, alisimama mbele yake muda mrefu.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Ni ya Waarabu, Hajati. Familia moja ya hapa jirani ilimletea baba."

"Mwanangu, ishushe niione mgongo wake."

Mwenyeji alisita. Katika makumbusho yoyote mgeni hagusi vitu, na hilo ni sahihi. Lakini alileta meza, akatandika kitambaa safi, akamwomba Haboba anawe mikono, kisha akakishusha. Namsifu kwa hilo. Mtu aliyesuka maisha yake yote anasoma kwa vidole mambo ambayo sisi wengine hatuyaoni kwa macho.

Haboba alikigeuza. Upande wa nyuma, ambao ulikuwa umeelekea ukuta, rangi zilikuwa bado kali kana kwamba zimetiwa juzi. Alitafuta kitovu, pale kusuka kunapoanzia, akafuata mzunguko kwa kidole kuona unakwenda mkono gani, akafika ukingoni akaangalia ulivyofungwa. Kisha akawapa wenzake nao wakakipitia bila yeye kuwaambia kitu. Walikubaliana: ni tabaga, kifuniko ambacho wanawake wa Kinubi hufunikia chakula cha wageni na cha harusi, na ambacho hutundikwa ukutani kupamba nyumba. Haboba alisema kimesukwa Bombo, au kimesukwa na mtu aliyefundishwa na watu wa Bombo.

Mwenyeji akajibu kwa adabu kwamba yeye ameandika kama baba yake alivyoandika, na baba aliandika kama familia ile ilivyomwambia. Haboba akasema neno ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote:

"Sikatai walivyosema. Naomba uandike na mimi nilivyosema."

Je, yupi anasema kweli?

Madai ya familia hayakuwa ya kipuuzi. Ssuuna wa Pili alitawala Buganda tangu 1832 hadi 1856, na mwaka 1844 ndipo Ahmed bin Ibrahim alipofika kwenye baraza lake na msafara kutoka pwani. Baada yake vikaja vitambaa, shanga, bunduki, na Kiswahili pia. Kaburi la Ssuuna liko Wamala, Nansana, si mbali na pale tulipokuwa, kwa hiyo watu wa maeneo yale wamekua wakisikia habari za Waarabu wa Ssuuna. Kitu cha kusukwa chenye sura ya Kiislamu kikitokea nyumbani, ni rahisi sana kukipeleka huko.

Lakini kifuniko chenyewe kinasema vingine. Lile zambarau na lile waridi la mgongoni ni rangi za kiwandani. Rangi ya kwanza ya aina hiyo iligunduliwa na William Perkin jijini London mwaka 1856, mwaka uleule aliofariki Ssuuna, na ilichukua miaka mingi kabla rangi hizo hazijawa kitu cha kununuliwa dukani Afrika Mashariki. Jicho si maabara, na sidai kwamba nimepima. Hata hivyo, ongeza hali ya nchi yetu: mchwa, unyevu, moshi wa jikoni, mende. Majani yaliyosukwa ambayo yameishi nyumba za Kiganda tangu kabla ya 1856 na kubaki na ukingo mzima yangekuwa muujiza. Na ongeza mikono ya wanawake waliotambua kazi hiyo bila kuulizana. Hoja hizi tatu, kila moja peke yake ina udhaifu, lakini zote zinaelekea upande mmoja.

Kwa hiyo swali la umri na la aliyesuka halikunisumbua sana. Lililonisumbua ni lile alilouliza Haboba tangu mwanzo: mmeitoa wapi?

Hapa inabidi kusema kidogo kuhusu Wanubi, maana bila historia hiyo uzito wa swali hauonekani. Lugard alifika Kampala Desemba 1890 akiwa na askari wachache. Mwaka uliofuata alikwenda hadi Kavalli, upande wa Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki huko chini ya ofisa wao Selim Bey baada ya Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta, kuondoka. Walikuja na wake zao, watoto wao, na kazi za mikono yao. Askari hao wakawa uti wa mgongo wa jeshi la kikoloni Uganda. Sehemu yao iliasi mwaka 1897, na ngome ya Luba kule Busoga ikawa uwanja wa vita hivyo. Waliobaki na vizazi vyao waliendelea jeshini, na Bombo, mji wa kambi, ukawa nyumbani kwao. Katiba ya 1995 inawataja Wanubi katika Jedwali la Tatu miongoni mwa jamii za asili za Uganda. Pamoja na hayo, mpaka leo Mnubi anaweza kuulizwa sokoni kwao ni wapi. Kibandiko kinachosema kazi ya mama wa Bombo ni ya Waarabu wa miaka ya 1840 kinarudia swali hilohilo bila kukusudia.

Halafu ikaja 1979. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nayo tarehe 11 Aprili. Wanubi walihesabiwa kuwa watu wa Amin, wawe walimtumikia au la. Nyumba zao ziliporwa, wengi wakakimbilia Sudan, Zaire na Kenya, na waliorudi miaka ya baadaye walikuta wengine wanaishi katika nyumba zao, au wakakuta kuta tupu. Ndiyo sababu akina mama wale hawana kazi za zamani za mama zao. Wanasuka kwa kumbukumbu. Mmoja wao, kijana kuliko wengine, aliniambia hajawahi kushika tabaga iliyosukwa kabla hajazaliwa. Alikuwa anaishika kwa mara ya kwanza katika nyumba ya watu wengine, na ilimbidi alipe kiingilio.

Mwenyeji alifungua daftari la baba yake. Mstari ulikuwepo: kifuniko, jina la familia, mwaka. Hapakuwa na neno lolote kuhusu Waarabu. Neno hilo liliingia baadaye, kwenye kibandiko. Akapiga simu kwa ile familia akapata ssenga (shangazi) wao, mama mzee ambaye alikuwa binti wakati wa vita. Simu iliwekwa kwa sauti na mimi nikatafsiri.

Ssenga alisema kifuniko hakikuwa cha babu. Kililetwa na jirani yao, mama wa Kinubi, katika siku za vita vya kumwondoa Amin, usiku, pamoja na sanduku la bati na cherehani. Mama huyo aliomba vitu vyake vitunzwe, akasema atarudi. Hakurudi. Sanduku lilichukuliwa na mtu, ssenga hakumbuki nani. Cherehani iliuzwa mwaka ambao karo ilishindikana. Kifuniko kilibaki kwa sababu hapakuwa na aliyekitaka, mpaka kaka yake alipomletea mzee wa makumbusho. Jina la jirani hakulijua. Walikuwa wakimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto mwenyewe alikuwa ametangulia kuondoka.

Kaka wa ssenga alipigiwa siku nyingine. Yeye anashikilia kwamba ni cha babu na kilitoka kwa Mwarabu. Simwiti mwongo. Mtu aliyekabidhi kitu kama zawadi ya ukoo wake hatakubali kwa simu moja kwamba alikabidhi mali ya jirani.

Haboba aliposikia tafsiri ya maneno ya ssenga alisema tu: "Basi hii ni amana."

Hapo kisa kinabadilika sura. Kitu kinaweza kuingia makumbusho kwa njia kadhaa: kimenunuliwa, kimetolewa zawadi, kimeazimwa. Kila njia ina haki na mipaka yake. Zawadi inahitaji mtoaji awe mwenye mali. Aliyetunziwa amana hana mali ya kutoa, hata akikaa nayo miaka arobaini, na kwa Muislamu hili halina mjadala. Kwa hiyo ikiwa ssenga anakumbuka sawasawa, makumbusho hayakuwahi kukimiliki kifuniko hiki. Yamepokea ulinzi wake kutoka kwa mlinzi wa kwanza. Wala hakuna haja ya kumshutumu mtu ili kufika hapo. Familia ile ilifungua mlango usiku wa vita kwa jirani ambaye wengine walikuwa wanamwinda, na hilo nalo lilistahili kuandikwa.

Mwenyeji alifanya mambo manne ambayo napenda wengine wayaige. Hakufuta maandishi ya zamani: alipiga mstari mmoja juu ya maneno ya kibandiko katika nakala yake, yakaendelea kusomeka, akaandika tarehe. Aliandika kila dai peke yake, la Haboba, la ssenga na la kaka, pamoja na aliyesema, lugha aliyosemea, na siku. Alimwomba Haboba ruhusa ya kurekodi maelezo yake ya kitovu na ukingo kwa simu, na akayarekodi palepale, kabla wageni hawajapanda gari. Na alifunga kijitambaa cha pamba chenye namba kwenye kifuniko kwa uzi, badala ya gundi au utepe wa kunata ambao ungeng'oa majani.

Nasisitiza hilo la palepale. Nimeona makumbusho ambako mgeni mzee alisema jambo zito mbele ya kitu, kila mtu akatikisa kichwa kwa mshangao, wakaagana, na baada ya wiki mwongozaji anaendelea kusoma kibandiko kilekile. Mzee hana ahadi ya kurudi. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limekuwa likisaidia makumbusho ya jamii, na watu wengi wanatamani misaada ya makabati ya vioo na rangi za ukutani. Mimi ningeanza na daftari la pili, kalamu, na desturi ya kumkalisha mgeni anayejua.

Pale tulipotofautiana na mwenyeji ni juu ya kukionyesha. Kwa aibu alitaka kukiweka kabatini mpaka mambo yatakapoeleweka. Niliona anakosea, na Haboba aliona hivyo kabla yangu. "Kikiwa kabatini, mwenye kukijua atakijulia wapi?" Kilirudishwa, ila si ukutani palipokuwa na mwanga wa dirisha. Kimelazwa juu ya meza, mbali na jua, na kibandiko kipya kina lugha tatu. Maneno ya Kiswahili tuliyatunga pamoja na kubishana kila neno:

"Tabaga, kifuniko cha chakula. Kwa mujibu wa wasusi wa Bombo, ni kazi ya mikono ya wanawake wa Kinubi. Mama mmoja wa familia iliyokileta anakumbuka kwamba jirani yao Mnubi alikiacha kitunzwe wakati wa vita vya 1979. Ndugu mwingine wa familia hiyo anaeleza kwamba kilikuwa cha babu yao. Tunakitunza kama amana. Anayekifahamu tunaomba atuambie."

Akina mama walipendekeza picha ipelekwe Bombo, isambae kwenye simu na itangazwe baada ya sala ya Ijumaa. Jambo jema, lakini lina hatari yake: mwenye nia mbaya anaweza kuitazama picha na kusema ni cha bibi yake. Kwa hiyo picha iliyopelekwa ni ya mbele tu. Mgongoni kuna alama ya ukarabati wa zamani, mahali palipoungwa kwa mkono mwingine na kwa nyenzo nyingine. Alama hiyo ameandika mwenyeji daftarini, ameiona Haboba, na hawakuionyesha popote. Anayekuja kudai anaombwa aeleze nyuma kukoje. Sijui mtaalamu gani angebuni utaratibu mzuri kuliko huu, na ulibuniwa na bibi msusi na kijana asiyesomea uhifadhi, mezani, kwa lugha ambayo walikuwa wanakutana nayo nusu kwa nusu.

Hadi ninapoandika, kuna waliokuja kuuliza, na hakuna aliyeutaja mgongo. Wengine walikuja tu kuona, wakakaa, wakaeleza vitu vingine vya chumba kile: birika fulani, kofia ya jeshi. Daftari la pili limejaa kurasa ambazo halingekuwa nazo.

Suala lililobaki ni gumu zaidi. Akina mama wanasema, mwenyewe asipopatikana, tabaga irudi Bombo mikononi mwa kikundi chao, kwa kuwa wao ndio walio karibu naye. Kaka wa mwenyeji anahofia kwamba ikitoka haitarudi, na kwamba kesho familia nyingine itakuja kudai ngoma. Maoni yangu ni kwamba hakuna kati yao aliye na haki ya kuimiliki, na kwamba amana haiwekewi tarehe ya mwisho. Lakini kuilinda si lazima iwe Wakiso mwaka mzima. Nimependekeza iende Bombo kwa kuazimwa wakati wa Idi, wazee wanaporudi nyumbani kutoka sehemu mbalimbali, kwa maana hao ndio wanaoweza kumjua mama yule kwa jina la mtoto wake. Ssenga amekubali kufuatana nayo ikiwa atapewa usafiri. Hati ya kuazima imeandikwa: hali ya kifuniko, picha za mbele na nyuma zilizofungwa ndani ya bahasha, siku ya kurudi, nani atakibeba na ndani ya kitu gani. Sahihi ya mwenyeji ipo. Upande wa Bombo bado wanajadiliana kama atie sahihi Haboba mwenyewe, au imamu, au wote wawili.